Unatoka Mahari Gani?

Swali lake lilikuwa moja tu. Kila mtu mwenye alifika kwa daraja na ng'ombe, awe mzee, awe mama mjane, awe mwalimu wa kanisa, aliulizwa: "Unatoka mahari gani?"

Alitaka kusema mahali. Lakini ulimi yake ilikuwa na ule ugonjwa wa kwetu wa R na L. Wengi wetu tunachanganya kidogo, kama mtu anachanganya mahindi na maharagwe kwa sufuria moja. Yeye hakuchanganya. Yeye alihamisha kabisa. L aliitoa kwa nyumba yake akaipeleka kwa nyumba ya R, na R akaileta kukaa kwa L, na hakuna mtu alimlipa kwa hiyo kazi. Hata kazi yake ya kulinda karantini ya ng'ombe aliita kalantini, na sisi tukamwita hivyo hivyo, Kalantini, mpaka jina yake ya kweli ikapotea kama sindano kwa nyasi.

Mimi akiniuliza natoka mahari gani, nilikuwa najibu: "Ya mama yangu, mzee. Ng'ombe kumi na mbili na mbuzi moja kiwete."

Watu kwa mstari wanakufa na kicheko. Yeye hakasiriki. Anainua ile kamba yake yenye alifunga kwa daraja, ananiangalia kutoka kofia mpaka vidole, anasema, "Pita, mutoto ya mbuzi kiwete."

Alivaa koti ya jeshi, moja ya zile zilirudi na vijana baada ya vita, na kifuani kibati cha serikali alisugua na majivu kila asubuhi. Mguu ilikuwa bila kiatu. Kando ya daraja alikuwa na beseni ya dawa nyeupe yenye inanuka choo ya hospitali, na lazima ukanyage ndani. Mama moja kutoka Naitiri alikataa, akasema miguu yake ameosha asubuhi na sabuni. Kalantini akamwambia, "Mama, mimi siogopi uchafu yako. Mimi naogopa safali yako."

Alikuwa na maneno kama hayo. Nyingine alisema kila siku mpaka watoto wakaijua: "Ng'ombe hasarimii na mkono. Anasarimia na pua." Maana yake homa ya mapafu hupita kwa pumzi. Ng'ombe mbili zinakutana njiani, zinanusana kama mashemeji, na hapo imeisha. Hiyo homa ni mnafiki. Ng'ombe inaweza kuwa nayo ndani miezi mingi na inakula nyasi, inanenepa, inang'aa kama bwana arusi. Halafu siku moja inakohoa. Ukiipasua unakuta mapafu imekuwa ngumu kama ini ya kuchoma, imeshikana na mbavu.

Ndiyo maana alikuwa anasikiliza. Anavua kofia, anaweka sikio kwa mbavu ya ng'ombe, anafunga macho. Mkono moja inakuna shingo ya ng'ombe ili itulie. Mimi nilikuwa namwigiza kwa soko: naweka sikio kwa tumbo ya mtu mnene, nafunga macho, nasema, "Huyu amekura bira luhusa." Soko yote inaanguka. Siku moja nikageuka nikamkuta amesimama nyuma yangu. Nikafikiri leo nitapigwa. Akasema, "Sikio umeweka chini sana. Hapo ni matumbo. Mapafu iko juu." Akaenda zake.

Hiyo kusikiliza alijifunzia Kitale. Kabla ya kibati alifanya kazi kwa shamba ya Mzungu huko, shamba ya ng'ombe za nyama, nyekundu zote, zenye mgongo pana hata unaweza kulaza mtoto. Homa iliingia hapo. Hakusema iliingiaje. Alisema tu, "Nirichimba siku tatu." Ukimwuliza alichimba nini, anakuambia angalia ng'ombe yako inaingia kwa shamba ya watu.

Baadaye yule Mzungu alileta ng'ombe zingine kwa gari la moshi na akazungusha waya pande zote. Kalantini alituambia juu ya hiyo waya kama mtu anaeleza mbinguni. Nyuzi tano, nguzo kila hatua nne, geti moja tu. "Kure Kitare ng'ombe anarindwa na waya," alisema. "Hapa anarindwa na mdomo yangu." Tukacheka sana siku hiyo. Na ilikuwa kweli tupu. Kutoka mtoni mpaka mlimani hakukuwa na hata nguzo moja. Kulikuwa na kamba, beseni, na huo mdomo.

Na huo mdomo, bana! Siku moja alifika kwa nyumba ya liguru wetu, yule mkubwa wa kijiji, akitaka kuandika barua ya ruhusa ya ng'ombe. Liguru hakuwa nyumbani. Kalantini akamwambia mke wake, "Mama, nataka karamu, halaka, niko na kazi." Mama wa watu akaona mtu wa serikali anadai karamu. Akashika jogoo. Kalantini akakaa hapo akingojea kalamu, anaona moshi, anaona ugali, anaona mchuzi. Akakula, kwa sababu kukataa chakula ya mtu ni matusi. Halafu akaandika ile ruhusa na makaa. Liguru aliporudi akauliza jogoo wake amekufa na ugonjwa gani.

Hiyo hadithi nimeisimulia mimi zaidi ya mtu yeyote. Nilikuwa naisimulia vizuri. Ukitaka kujua kwa nini watu walizoea kumcheka Kalantini kabla hajafungua mdomo, usitafute mbali.

Sasa kitu kimoja sikuwahi kuelewa. Mtu alipenda ng'ombe hivyo, na kwake hakukuwa na boma. Alikuwa na mtamba moja tu, na hakukaa naye. Alimweka kwa rafiki yake ng'ambo ya Malakisi, vile wazee wetu wanafanya: ng'ombe zako usiziweke kwa boma moja, gawanya kwa marafiki, ugonjwa ukija hapa, zile za kule zitabaki. Hiyo ni akili ya zamani, na Kalantini ndiye alikuwa anaipiga vita kila siku. "Zamani ugonjwa uritembea na mguu," alisema. "Siku hizi unatembea na lafiki." Homa ilipoonekana kwa boma ya huyo rafiki, yeye mwenyewe alikwenda na mtu wa bunduki. Mtamba wake alikuwa hajakohoa bado. Alisema waanze na huyo. Wenye walikuwa huko wanasema alimkuna shingo mpaka mwisho, na mtu wa bunduki akamwomba atoe mkono.

Halafu kulikuwa na mambo ya mkia.

Sindano ya homa ya mapafu haidungwi shingoni. Inadungwa nchani mwa mkia. Kila mtu mwenye aliona ng'ombe baada ya hapo anajua: mkia inavimba, inaoza, inaanguka. Ng'ombe inabaki na kipande kama mpini wa jembe. Ng'ombe ni mzima, haiwezi kupata homa, lakini nzi zinamkalia na yeye hana cha kufukuza. Na zaidi ya nzi kuna wakwe. Nani kwetu atapokea mahari bila mkia? Ukipeleka ng'ombe kama hiyo kwa wakwe, wanauliza hata msichana unataka apungue wapi.

Kwa hivyo siku ya sindano watu walileta ng'ombe wazee, wenye pembe moja, wenye maziwa imekauka. Wazuri walifichwa. Papa yangu alikuwa na sita za mahari, na hiyo mahari ilikuwa ya kunioa mimi bibi. Msichana alikuwa wa Malakisi, baba yake mkulima wa tumbako, na alikuwa na kicheko ya kutoka tumboni. Nilimpata kwa kuchekesha, na uso yangu haikunisaidia. Papa alipeleka zile sita kwa vichaka vya mtoni mpaka watu wa sindano wakarudi Bungoma.

Kalantini alijua. Yeye hakuhesabu vichwa. Alihesabu mikia. Alipita kwetu jioni moja akaona ng'ombe wanaingia bomani, sita wanafagia chini na mkia nzuri kabisa. Angeweza kumpeleka papa kwa chifu. Badala yake alisimama na yeye kwa mlango ya boma, wazee wawili wanaangalia ng'ombe.

"Lafiki yangu," akasema. "Hizi mikia zitakuja kukupiga uso."

"Zikishafika Malakisi," papa akasema, "zitapiga uso ya mtu mwingine."

Wakacheka wote wawili. Kalantini alicheka kidogo.

Ile baraza ilikuwa siku ya Ijumaa, kwa uwanja wa ng'ombe. Homa ilikuwa imeonekana ng'ambo ya mlima, inakuja. Bwana Mifugo mwenyewe, mkubwa wa kazi ya Kalantini, alikuja kutoka Kitale, Mzungu wa uso nyekundu. Aliongea maneno machache, akamwonyesha Kalantini na kidole: wewe, waambie. Kalantini akapanda juu ya gogo. Kibati inang'aa. Nafikiri hiyo ilikuwa siku kubwa kuliko zote za maisha yake, maana mbele yake walikuwa watu wote wenye ng'ombe kutoka mtoni mpaka mlimani, na hajawahi kupata wote pamoja.

Akasema kwa sauti: "Kuanzia Jumatatu, ng'ombe ya mahari asitoke! Kira ng'ombe akae mahari yake! Mwenye atatoa ng'ombe ya mahari, atafungwa!"

 Watu mia wakatazamana, kila mtu anatafuta maana.

Mimi nilijua. Nilisoma mpaka darasa la nne, mwalimu wetu alitupiga viboko kwa ajili ya R na L mpaka masikio yetu ikashika. Nilisikia mahari, nikajua ni mahali, kila ng'ombe ibaki pale iko, na nikacheka. Niliweka kofia kwa mdomo nikacheka mpaka machozi. Nilipoinua uso, Kalantini alikuwa juu ya gogo ananiangalia mimi.

Kwetu ukisikia hilo neno unachagua mwenyewe ni lipi. Na mtu huchagua ile inamuuma.

Mchana huohuo wazee walikaa kwa papa, nyungu ya pombe ya busaa katikati, kila mtu na mrija yake, hakuna mtu ananyonya. Papa akaniita.

"Wewe ndiye umesoma. Huyu mtu amesema mahali ama mahari?"

Hapa nataka mtu anielewe. Nilikuwa nimengoja arusi mavuno mawili. Kila mwaka papa anasema kwanza mahindi, kwanza paa la nyumba, kwanza mjomba wako apone. Ng'ombe wako bomani, msichana yuko Malakisi, na mimi niko katikati nachekesha watu. Na wazee walikuwa wananiangalia, mirija mkononi, wanangoja. Sijawahi kuwa na watu wengi hivyo wanangoja neno yangu.

"Mahari, papa," nikasema. "Serikali imekataza mahari kutoka Jumatatu. Na mwaka ujao nasikia watakataza bibi."

Wakacheka. Halafu mmoja akaacha, na mwingine, mpaka hakuna mwenye anacheka. Mzee moja akauliza, "Kwa hivyo tuko na kesho na kesho kutwa tu?"

Papa akasema, "Kijana amesoma."

Jumamosi hakukuwa na njia bila ng'ombe. Kila mtu mwenye alikuwa na mwana wa kuoza ama binti ameshaahidiwa alitoa ng'ombe zake, na zilikuwa zile zile zenye mkia, kwa sababu hizo ndizo za mahari. Zilikutana kwa daraja, zikasongana, zikasalimiana na pua, kila moja na kila moja. Kalantini alikuwa peke yake. Kamba ilikatika asubuhi. Alikuwa anakimbia katikati, mikono wazi, beseni imepinduka, anapiga kelele, "Ludini! Ludisheni mahari! Mahari yao!" Na kila akisema mahari, watu wanaongeza fimbo.

Tulipita karibu na yeye, papa mbele, mimi nyuma ya zile sita. Akamshika papa koti. "Lafiki, hata wewe?" Papa akasema, "Nisamehe. Ni sheria yenu mmetunga vibaya." Mimi niliangalia mikia ya ng'ombe. Ningeweza kusema neno moja. Ni neno fupi.

Malakisi walitupokea vizuri. Baba ya msichana alizunguka zile sita mara mbili, akashika mkia ya moja akaipima kwa mkono yake, akasema, "Hii ni mahari." Msichana alicheka kwa dirisha.

Kabla ya mavuno zilianza kukohoa, kule na huku. Sitaeleza yote. Walikuja watu wa bunduki na watu wa kuchimba, na sisi wenyewe tukachimba. Kwa papa walibaki wale ng'ombe wazee wa sindano, watatu bila mkia, na halafu serikali ikawachukua pia kwa sababu walikula nyasi pamoja na wagonjwa wa jirani. Papa hakulia. Lakini mpaka leo kila asubuhi anaamka, anatoa miti ya mlango ya boma, moja moja, anaiweka kando. Jioni anairudisha.

Watu walitafuta mwenye makosa, na hawakuenda mbali. Chifu akaita Kalantini mbele ya watu. Kila mtu akasema vile alisikia kwa baraza: mahari. Bwana Mifugo alipoelezwa maana ya hayo maneno mawili, uso yake ikawa nyekundu zaidi. Akamwuliza Kalantini, ulisema nini?

"Niri..." akasema.  Akajaribu tena, midomo yake inatafuta ile L kama ya mtoto anajifunza kusoma. "Ni mdomo yangu, bwana."

Akatoa kibati mwenyewe. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Watu wengine waliniangalia wakingoja niseme kitu cha kuchekesha, na nafikiri nilisema. Sikumbuki. Natumaini sikusema.

Kutoka Malakisi ng'ombe moja alirudi. Kati ya sita alibaki mmoja tu, mtamba mweupe, na kaka ya msichana alimleta kwa kamba. Alisema boma ya baba yao imekwisha. Nikauliza dada yake anasema nini. Akasema, "Anasema hataki arusi yenye inakohoa."

Huyo mweupe nilikaa naye kichakani mwaka mzima. Hakuwahi kukohoa. Alikula, alinenepa. Mwisho nikasikia kuna shamba karibu na Kitale wanachukua watu wa kufanya kazi na wanaruhusu kila mtu alete ng'ombe moja ya maziwa. Nikasema basi, tutaanza upya na huyu. Tulitembea siku mbili. Nilikuwa naongea na yeye njiani, namwambia huko kuna waya nyuzi tano.

Kwa geti ya hiyo shamba kulikuwa na mzee amekaa juu ya debe, koti ya jeshi, beseni ya dawa miguuni. Nyuma yake ng'ombe nyekundu, mgongo pana, wengi mpaka mwisho wa macho.

Alisimama. Alikuwa amekonda. Aliniangalia kutoka kofia mpaka vidole.

"Unatoka mahali gani?" akauliza.

Alisema vizuri. Ma-ha-li. Ile L ilikaa kwa nyumba yake kama haijawahi kutoka.

"Mulembe, mzee," nikasema. "Umejifunza."

"Hiyo moja tu nimeweza. Nirichukua mwaka mzima." Hakutabasamu. "Nafanya na ng'ombe, kira asubuhi. Wao hawacheki."

Nikafungua mdomo nimwambie. Nilikuwa nimebeba hayo maneno kutoka nyumbani, nilikuwa nimeyapanga. "Mzee, ile siku ya baraza..."

"Uricheka," akasema.

"Ndiyo."

"Mutu hawezi kucheka kosa kama hajui ni kosa. Wewe peke yako ndiye uricheka. Nikajua, huyu amesikia. Nikashuka kwa gogo loho yangu imeturia. Nikasema, si huyu kijana atawaambia."

Upepo ulileta harufu ya zile ng'ombe nyekundu. 

"Mbona hukuwaambia wao mimi nilijua? Kwa chifu?" nikauliza.

"Na mdomo gani?"

Akaenda kwa ng'ombe yangu. Akaangalia mkia. Ilikuwa mkia nzuri sana, ilifagia mpaka vumbi. Akaipitisha kwa mkono yake pole pole mpaka nchani.

"Mzuli," akasema. Halafu akauliza tena, vile kazi yake ilitaka. "Unatoka mahali gani?"

Ningeweza kusema Lugulu. Lugulu ilikuwa safi, homa haikufika huko. Ng'ombe alikuwa mnene, hakuna mtu angejua, na geti ilikuwa wazi nusu. Nikamwambia kwetu. Nikamwambia na Malakisi, na daraja, na kwamba huyu ndiye wa mwisho wa zile sita.

Akavua kofia. Akaweka sikio kwa mbavu, pale juu, si kwa matumbo, akafunga macho. Mkono yake ikaanza kumkuna shingo. Alisikiliza kwa muda mrefu, na mimi niliangalia uso yake vile mtu anaangalia mlango ya hospitali.

Akafungua macho lakini hakutoa sikio, wala mkono kwa shingo, vile wanasema alifanya na mtamba wake. Akanyosha ile mkono nyingine kwangu, wazi.

Nikampa kamba.